Bima ya Unyanyasaji Kazini na Mamlaka ya Nyapara

Februari 2023, uchunguzi wa BBC ulifichua kwamba wanawake zaidi ya 70 walisema wamenyanyaswa kingono na wasimamizi wao katika mashamba ya chai ya Kericho, Kenya, yaliyoendeshwa kwa miaka mingi na Unilever na James Finlay. Mjadala uliofuata uliwaandama wakosaji, na ilistahili. Lakini kuna swali la fedha ambalo mchuma chai analihitaji vilevile: akishinda kesi, fidia itatoka mfuko gani? Wengi hudhani WIBA, sheria ya fidia kwa majeraha ya kazini, inatosha. Sheria hiyo ya 2007 humtaka mwajiri akate bima, ila shabaha yake ni ajali na magonjwa yatokanayo na kazi. Mkono ukinaswa na mashine ya kiwandani, inalipa. Mama aliyenyimwa kibarua kwa kumkataa nyapara hana jeraha la kumwonyesha daktari. Dai lake linakwenda Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi, na hukumu inaweza kumwangukia mwajiri. Bima ya dhima kwa madai ya unyanyasaji hulenga pengo hilo: hulipia mawakili na fidia, baada ya mwajiri kubeba sehemu ya kwanza ya gharama.

Wapo wanaosema bima hii itamlaza mwajiri usingizi, kwamba atalipa ada yake kisha aache mambo yaendelee. Hofu hiyo ina msingi, nami siipuuzi. Hata hivyo, bima haimwokoi mkosaji. Mwenye mamlaka anayemsumbua mtu kingono ana kesi yake ya jinai chini ya Sheria ya Makosa ya Kingono ya 2006. Kinachokingwa ni uzembe wa kampuni, na uzembe unaweza kupimwa. Sheria ya Ajira tayari inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi awe na sera dhidi ya unyanyasaji wa kingono. Kampuni ya bima ikiridhika na karatasi hiyo tu, wapinzani watakuwa wameshinda hoja. Inapaswa kuuliza nani anatoa kibarua, nani anagawa sehemu za kuchuma, nani anasimama kwenye mizani, na malalamiko yanapokelewa na nani. Pale ambapo majibu yote ni nyapara mmoja, ada ipande mpaka mwajiri aone nafuu kuyagawa mamlaka hayo.

Gharama je? Viwanda kama Litein na Kapkoros ni mali ya wakulima wadogo chini ya KTDA, shirika la ustawi wa chai la Kenya. Fidia ikitoka mfuko wa kiwanda, inamega fedha ambazo zingegawanywa kama bonasi, na anayeumia ni mkulima ambaye hakumwajiri nyapara wala kumfahamu aliyedhulumiwa. Wakurugenzi wanaotaka kumkinga wasingoje kashfa, kwa sababu bima za aina hii kwa kawaida hazigusi malalamiko ambayo mwajiri alikuwa anayajua kabla ya kuikata. Barua zilizofungiwa kwenye droo ya ofisi zitabaki deni la kiwanda chenyewe.