Mjusi wa Mafia na jina lake

Wiki hii nataka tuzungumze juu ya mjusi. Najua wapo watakaosema nimeishiwa na mada, ilhali bei ya unga ipo na hainihitaji niitafute. Nawaomba subira.

Nilikuwa Kilindoni, kisiwani Mafia, kwa shughuli zangu. Asubuhi moja kijana wa nyumba niliyofikia alikuwa akiondoa lundo la makumbi ya nazi uani. Ghafla akaruka nyuma na kupiga kelele, “Nyoka!” Fimbo ikaletwa. Mzee mmoja aliyekuwa barazani akaja taratibu, akatazama, akasema, “Mwache, baba, huyo ana miguu.” Tukainama. Kweli alikuwa na vimiguu vinne, vifupi kama vijiti vya kibiriti vilivyokatwa, na mwili unaong'aa kama umepakwa mafuta. Kabla hatujamtazama vizuri akazama mchangani.

Kama ndiye huyu ninayetaka kumzungumzia au ni ndugu yake, siwezi kuapa, na sababu ya kutoweza kuapa ndiyo mada yetu.

Sisi Waswahili tuna mgawanyo wetu. Yuko mjusi kafiri anayetembea darini, yuko mjusi islamu mwenye magamba ya kung'aa, yuko kenge, yuko kinyonga. Kwa matumizi ya nyumbani unatosha. Lakini wa aina ya huyu wa makumbini peke yake wapo kadhaa katika pwani yetu, na wanafanana kama mapacha. Mjerumani Wilhelm Peters alimwandika mmoja wa Msumbiji mwaka 1854. Mwaka 1913 ukachapishwa uchunguzi wa Oskar Boettger wa Frankfurt, ambaye wakati huo alikwishafariki, juu ya wanyama waliokusanywa na Alfred Voeltzkow katika safari ya 1903 hadi 1905. Humo mjusi mwingine akapewa jina la Pemba. Huyu Boettger, nashangaa kila nikimkumbuka, kwa miaka mingi aliogopa hata kutoka nje ya nyumba yake. Mijusi ya dunia ikamfuata nyumbani, ndani ya mitungi. Arthur Loveridge, aliyewahi kufanya kazi ya wanyamapori Tanganyika kabla ya kwenda Harvard, naye akamwita mwingine kwa jina la Mto Tana mwaka 1935.

Mwaka 1994 Donald Broadley, mtaalamu wa Bulawayo, alilipitia upya kundi hili la pwani, akatangaza kwamba mjusi wa Mafia ni spishi yake peke yake. Akamwita Lygosoma mafianum.

Kazi ya namna hii hufanyikaje? Mtaalamu hukaa mezani makumbusho, mbele yake mitungi ya spiriti. Rangi haiamini sana, kwa kuwa spiriti huifuta. Mkia nao haumsaidii, maana mjusi huukata akikimbia na kuotesha mwingine. Kwa hiyo hupima kutoka ncha ya pua hadi tundu la haja. Kisha huhesabu chini ya darubini: safu za magamba katikati ya mwili, magamba ya juu ya jicho, vigamba vya chini ya kidole cha nne cha mguu wa nyuma. Mjusi mmoja hatoshi, kwani hata watoto wa tumbo moja hutofautiana. Anataka wengi, wa kisiwani na wa bara, aone kama tofauti inashika kweli. Akiridhika, humteua mjusi mmoja awe shahidi wa jina. Mwenye ubishi baadaye lazima amrudie huyo. Ndiyo maana jumba la makumbusho la Lisbon lilipoungua mwaka 1978, mashahidi wengi wa Afrika waliteketea, na hawana mbadala.

Na kesi haifungwi. Mwaka 2019 watafiti waliolinganisha chembe za urithi waliwahamishia mijusi hawa wa Afrika katika jenasi ya Mochlus. Jina la mbele limebadilika, la Mafia limebaki.

Utauliza, yanatuhusu nini? Bahari ya Mafia ilipata hifadhi yake mwaka 1995, na matumbawe na kasa wana watetezi. Nchi kavu ni kisiwa kidogo, minazi na mashamba. Mjusi wa Mafia angebaki na jina la yule wa bara, anayepanga mipango angesema wapo tele huko ng'ambo, hata siku ya mwisho wake kisiwani. Linaloniuma zaidi ni kwamba mitungi mingi ya zamani iko Berlin, Frankfurt na Harvard. Mwanafunzi wa Kilindoni anayetaka kuhakikisha hesabu ya magamba ya mjusi wa uani kwao anahitaji pasi ya kusafiria.

Nilimwuliza yule mzee wao humwitaje. Akafikiri kidogo, akasema wakubwa humwita mjusi tu, na watoto humwita nyoka. Kijana alikwishairudisha fimbo mahali pake. Makumbi yalibaki nusu lundo.