Lugha Haina Chumba Kimoja: Ubongo kama Mtandao Unaobadilika

Kila aliyepitia somo la isimunafsia anamjua Paul Broca. Mwaka wa 1861, daktari huyu Mfaransa aliuchunguza ubongo wa marehemu Leborgne, mgonjwa ambaye kwa miaka mingi hakuweza kutamka ila silabi "tan". Kwa kuwa jeraha lilionekana sehemu ya mbele, upande wa kushoto, Broca alishikilia kuwa hapo ndipo makao ya usemi. Mwaka wa 1874 Carl Wernicke aliongeza eneo la kufahamu maneno. Tangu hapo tumezoea kuuchora ubongo mithili ya nyumba, kila kazi na chumba chake. Mwandishi wa makala haya naye aliwahi kuchora vyumba hivyo katika mtihani, akapewa alama zote.

Mchoro huo hautoshi. Mwaka wa 2007, Nina Dronkers na wenzake waliupiga picha upya ubongo wa Leborgne, uliohifadhiwa Paris. Jeraha lilikuwa limezama ndani zaidi na kuharibu pia nyuzi zinazounganisha maeneo ya mbele na ya nyuma. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Uchanganuzi wa mitandao unaanzia hapa. Kila eneo la ubongo huchukuliwa kuwa kifundo, na uhusiano baina ya maeneo mawili huwa uzi. Mashine inayotumia nguvu ya sumaku hufuatilia mabadiliko ya oksijeni katika damu. Maeneo ambayo ishara zake hupanda na kushuka pamoja huhesabiwa kuwa yana uhusiano.

Hata hivyo, mtandao mmoja uliokokotolewa kutokana na rekodi nzima ni kama picha moja ya ngoma: huonyesha wachezaji, hauonyeshi mchezo. Kwa hiyo rekodi hukatwa vipande vifupi, kila kipande kikaundiwa mtandao wake, kisha mitandao hiyo ikalinganishwa. Ndipo huonekana vifundo vinavyohama kundi na vile visivyobanduka. Katika utafiti wa Bassett na wenzake wa mwaka wa 2011, watu walijifunza mfuatano wa miondoko ya vidole katika vipindi vitatu. Kadiri maeneo ya ubongo yalivyobadilisha makundi katika kipindi kimoja, ndivyo mtu alivyoelekea kujifunza zaidi katika kipindi kilichofuata.

Tahadhari inahitajika. Kupanda pamoja si ithibati kwamba eneo moja huliongoza jingine, na kutikisika kwa kichwa huweza kuzua uhusiano wa uongo.

Lakini kwa aliyepoteza usemi kutokana na kiharusi, suala hili si la nadharia tu. Lugha ikiwa chumba, chumba kikibomoka mambo yamekwisha. Ikiwa mtandao, tunauliza: ni nyuzi zipi zimesalia, na zipi zaweza kufumwa upya? Basi tunapoichora nyumba ya Broca ubaoni, tusisahau kuchora na njia zinazopita kati ya vyumba vyake.