Kengele ya Jioni Katika Shamba la Viazi

Wasomaji wetu wengi wamekwisha kuiona picha ile ya mume na mke wasimamao shambani wakati wa machweo, vichwa vimeinama, kengele ya Malaika wa Bwana ikilia mbali. Aliyeichora ni Mfaransa, Jean-François Millet, mwana wa mkulima, aliyezaliwa mwaka 1814 katika kijiji cha Gruchy, pwani ya Normandy.

Alilima pamoja na baba yake tangu utoto hata ujana. Ndipo, kwa kuwa mkono wake ulikuwa hodari wa kuchora, mwaka 1837 akaenda Paris kujifunza. Mjini hakuona raha. Ili watu wa nyumbani mwake wapate mkate, alichora hata wanawake walio uchi, maana picha hizo zilikuwa na wanunuzi. Tusimhukumu upesi, njaa ya watoto twaijua. Lakini mwaka 1849, kipindupindu kilipoingia mjini, aliwachukua mkewe na watoto akahamia Barbizon, kijiji kilicho kando ya msitu wa Fontainebleau.

Huko aliyakuta tena yale aliyoyaacha kwao. Asubuhi alilima bustani yake, alasiri akachora. Wala hakuwa na desturi ya kuzipeleka rangi zake shambani. Alitazama sana, akarudi nyumbani, akachora yaliyobaki moyoni. Hivyo akamchora mpanzi, na mwaka 1857 wanawake watatu waokotao masazo ya ngano, kama Ruthu katika shamba la Boazi. Sisi tuliolima twaijua mara moja migongo ile: imechoka kweli.

Picha ya kengele ina habari yake. Bibi yake Millet, kila kengele iliposikika shambani, aliwaamuru waache kazi, wavue kofia, wawaombee marehemu maskini. Bibi huyo alikufa mwaka 1851, na mama yake mwaka 1853. Naye Millet, kwa ufukara, hakufika kuwaaga. Miaka michache baadaye akaianza picha hii, akaimaliza mwaka 1859.

Tuitazame tena. Uma wa kulimia umechomekwa udongoni, kikapu cha viazi ki chini, toroli iko nyuma ya mwanamke. Mnara wa kanisa ni mdogo mno, u mbali penye ukingo wa mbingu. Atazamaye kwa haraka hauoni. Mwanamume ameishika kofia yake mikononi, kama bibi yule alivyowaagiza.