Unahama na Mbwa au Paka? Chanjo Itangulie Mwezi Mmoja Kabla ya Safari



Kila msafara wa kurudi Kongo unapokaribia, maswali yanayoletwa kituo cha afya huwa ni yale yale: kadi ya kliniki ya mtoto, dawa za presha za kutosha njiani, mama mjamzito asafiri vipi. Katikati ya hayo hutokea moja ambalo watu huuliza huku wakicheka kidogo: "Na mbwa wangu je?"

Si swali la kuchekesha. Mbwa aliyelinda nyumba na shamba la mihogo tangu mlipotoka Kenani kuja Mantapala mwaka 2018 ni mmoja wa nyumba, na watoto hawakubali kumwacha. Lakini sisi wa afya tuna hofu yetu. Mbwa asiyechanjwa akivuka mpaka anaweza kuvuka na kichaa cha mbwa, na dalili za ugonjwa huo zikishaanza kwa mtu, hakuna dawa ya kumwokoa. Duniani watu wapatao 59,000 hufa kwa kichaa cha mbwa kila mwaka, wengi wao Afrika na Asia, na karibu nusu yao ni watoto. Ugonjwa upo Zambia na upo Kongo.

Mbwa mzima leo anaweza kuwa mgonjwa kesho

Mbwa aliyeumwa na mwenzake mwenye kichaa haugui siku hiyo hiyo. Virusi husafiri polepole kwenye mishipa ya fahamu kuelekea ubongo, na mara nyingi huchukua wiki tatu hadi nane, pengine miezi kadhaa. Wakati huo wote anakula ugali na chisense kama kawaida na anacheza na watoto. Kwa hiyo kumtazama tu na kusema "huyu ni mzima" hakutoshi. Mtoto wa mbwa pia anaweza kuupata, ingawa watu hudhani kitoto hakina hatari na watoto wetu hukificha ndani ya kapu la nguo.

Wako waliopata funzo hili kwa gharama kubwa. Kisiwani Pemba, Zanzibar, mbwa walichanjwa kila mwaka kwa miaka minne, na mbwa wa mwisho mwenye kichaa alionekana Mei 2014. Kisiwa kikawa kimepona. Mwaka 2016 ugonjwa ukaonekana tena. Watafiti walipochunguza virusi vyenyewe na kufuatilia nani aliumwa na mbwa yupi, walikuta kwamba haukuwa ule wa zamani uliojificha. Uliingizwa upya kutoka nje, mara mbili, kwa mkono wa binadamu. Ilibidi mbwa wa kisiwa kizima wachanjwe tena, na ugonjwa ukakatika Oktoba 2018. Mbwa haogelei kutoka bara hadi Pemba. Alipelekwa na mtu katika chombo, huenda mtu aliyempenda mbwa wake kama wewe unavyompenda wako.

Ziwa Mweru nalo si ukuta. Boti hutoka Nchelenge na Kashikishi kwenda mji wa Kilwa upande wa Kongo, na nyingine huenda kisiwa cha Kilwa na kisiwa cha Chisenga, ambavyo ni vya Zambia. Mbwa mmoja mgonjwa kwenye kisiwa kidogo chenye watoto wengi ni msiba.

Hesabu ya siku

Chanjo inayokubalika kwa safari hutolewa mnyama akiwa amefikisha umri wa wiki 12. Baada ya sindano ya kwanza mwili huhitaji muda wa kujenga kinga. Wapo wanaohesabu siku 21, wapo wanaotaka 30. Sisi tunakushauri uhesabu 30, ili usibishane na mtu mpakani. Sindano ya asubuhi ya safari haimkingi mbwa siku hiyo. Ukishajiandikisha kurudi, hata kama tarehe haijatajwa, siku hiyo ndiyo ya kutafuta chanjo. Paka pia achanjwe.

Nenda kwa ofisi ya mifugo ya serikali ya wilaya, Nchelenge, au mngoje afisa mifugo anapokuja na kampeni ya chanjo. Kampeni nyingi hufanyika karibu na tarehe 28 Septemba, Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani. Sheria ya Zambia inamtaka mwenye mbwa amchanje, kwa hiyo huombi fadhila. Usinunue chanjo kwa mtu anayeitembeza sokoni mfukoni. Chanjo hii hutunzwa kwenye ubaridi wa nyuzi 2 hadi 8; ikishapata joto la jua la Kashikishi kwa siku nzima, huna uhakika unachomchoma nacho.

Karatasi

Usiondoke bila cheti. Kiandikwe jina lako, jinsia ya mnyama, rangi, umri na alama yoyote (sikio lililokatika, mkia mfupi), jina la chanjo na namba iliyo kwenye chupa, tarehe ya kuchanja na tarehe ya kurudia, sahihi na muhuri. Ukipata kijitabu chenye Kiingereza na Kifaransa pamoja, chukua hicho, maana afisa wa upande wa Pweto husoma Kifaransa, na kwa Kifaransa ugonjwa huu huitwa rage. Pamoja na cheti cha chanjo, mwombe daktari wa mifugo wa serikali cheti cha afya ya mnyama kwa ajili ya kuvuka mpaka. Hiki hutolewa safari ikiwa karibu, hivyo uliza kinadumu siku ngapi kabla hujakilipia.

Kisha uliza dawati la kurudi nyumbani kama lori la msafara linapokea wanyama. Uliza mapema, si siku mizigo inapopandishwa. Malori yale ni ya watu, wapo wagonjwa na watoto wachanga ndani yake, na msimamizi akikataa mbwa ana sababu. Familia nyingine hupanga mnyama apelekwe na ndugu anayesafiri mwenyewe kwa barabara ya Chiengi au kwa boti. Huyo ndugu ndiye abebe karatasi, sio wewe uliye kwenye lori.

Ukiumwa, usifiche

Hapa tunaomba usome polepole. Siku za kufungasha, mbwa huona vitu vinahamishwa, wageni wanaingia na kutoka, na huwa na wasiwasi. Watoto humkumbatia, naye anauma. Halafu mzazi ananyamaza, akiogopa kwamba akisema, familia itatolewa kwenye orodha ya msafara.

Usinyamaze. Osha jeraha mara moja kwa sabuni na maji mengi yanayotiririka, kwa dakika 15 kamili. Dakika 15 ni ndefu kuliko unavyodhani. Mtu mmoja amwage maji na mwingine aangalie saa. Usipake majivu, pilipili wala mafuta, usifunge kwa kubana. Kisha njoo kituo cha afya siku hiyo hiyo, hata kama ni mkwaruzo mdogo, hata kama mbwa ni wako, hata kama amechanjwa. Panapohitajika utapelekwa hospitali ya St. Paul's, Kashikishi. Chanjo ya mtu aliyeumwa hutolewa kwa dozi kadhaa katika siku tofauti: siku ya kwanza, ya tatu, ya saba, na nyingine baadaye. Ndiyo sababu tunataka kujua safari yako ni lini. Utaandikiwa karatasi ya dozi ulizopata na zilizobaki, ili umalizie upande wa pili. Kuchelewa msafara mmoja ni hasara, lakini msafara mwingine utakuja.

Mbwa aliyeuma asiuawe haraka. Afungwe mahali salama, apewe maji na chakula, na aangaliwe kwa siku 10. Kama alikuwa na virusi kwenye mate siku alipouma, ndani ya siku hizo ataonyesha ugonjwa au atakufa: sauti kubadilika, mate kutiririka, taya kulegea, miguu ya nyuma kuishiwa nguvu, kuuma bila kuchokozwa. Wengine hawawi wakali kabisa; hujificha gizani tu. Ukiona hayo, usimguse, ita afisa mifugo. Na wewe uliyeumwa usingoje hizo siku 10 zipite ndipo uanze chanjo.

Wanaokwenda nchi ya tatu

Kwa walio na kesi ya kupelekwa Ulaya au Marekani, tutasema ukweli ulivyo: ni vigumu sana. Marekani, tangu 1 Agosti 2024, mbwa anayetoka nchi zenye hatari kubwa ya kichaa cha mbwa, Zambia na Kongo zikiwemo, lazima awe na umri wa miezi 6 au zaidi, awe na chipu chini ya ngozi (ni ndogo kama punje ya mchele), awe na chanjo iliyothibitishwa na daktari wa serikali, na apite viwanja fulani tu vya ndege. Lazima pia damu yake ipimwe kwenye maabara inayotambuliwa, la sivyo akae karantini siku 28 kwa gharama ya mwenyewe. Nchi za Umoja wa Ulaya zinataka chipu kwanza, kisha chanjo, kisha damu ichukuliwe siku 30 baadaye, halafu mnyama angoje miezi mitatu. Hiyo ni miezi minne, wakati familia nyingi hupewa tarehe ya ndege wiki chache tu kabla. Na tiketi unayopewa ni ya mtu.

Wengine wamesikia kwamba wakimbizi wa Ukraine mwaka 2022 waliingia Ulaya na mbwa wao bila karatasi zote. Ni kweli, nchi za Ulaya zililegeza masharti kwa wale waliokimbia vita ile, lakini hata hao wanyama walitakiwa kuchanjwa na kupimwa baada ya kufika. Usipange safari yako kwa nafuu iliyotolewa kwa wengine.

Kwa hiyo, kwa maoni yetu, mwenye kwenda kwa ndege amtafutie mbwa wake mwenyeji mpya, na hata anayerudi Kongo na mbwa mzee wa miaka kumi afikirie hivyo. Kumkabidhi si kumtupa. Chagua jirani anayebaki, mpe kadi ya chanjo mkononi, mjulishe kiongozi wa eneo lako, na mwache mbwa aanze kula kwake wiki mbili kabla hujaondoka. Mbwa aliyefunguliwa tu siku ya safari hukaa mlangoni siku kadhaa, kisha njaa humpeleka kwenye majalala na kundi la mbwa wengine, na watakaoumwa ni watoto wa waliobaki.

Njiani

Mpe dawa ya minyoo na umtoe kupe siku chache kabla. Asipewe chakula kingi saa sita kabla ya kuondoka, maji apewe. Mfunge kwa kamba imara shingoni. Ukimfunga mdomo kwa kitambaa, iwe kwa dakika chache tu wakati wa kupanda, kwa sababu mbwa hupoza mwili kwa kuhema, na akibanwa mdomo juani anaweza kufa. Kwenye boti akae chini katikati, kamba ishikwe na mtu mzima, kwani mbwa akirukaruka upepo ukivuma ziwani, chombo kinaweza kupinduka. Paka atiwe kwenye tenga la kuku lenye kifuniko kilichofungwa. Usimpe dawa za binadamu ili alale. Paka hufa hata kwa panado.

Mkifika, mbwa akae kwenye kamba kama wiki mbili, na paka afungiwe ndani wiki tatu, asije akatoroka kutafuta nyumba ya zamani. Mtafute afisa mifugo wa hapo, mwonyeshe kadi, na muulize chanjo inayofuata itatolewa wapi.