Simu ya pesa usiiruuti

Mwaka 2008 simu ya kwanza ya Android kuingia sokoni, HTC Dream, ilikutwa na kasoro ya ajabu. Kila ulichochapa kwenye kibodi yake, hata ukiwa unachati na rafiki, mfumo ulikipokea chinichini kama amri ya mkuu wake. Aliyemwandikia mwenzake neno "reboot" aliona simu inajizima na kuwaka upya. Google waliiziba kasoro hiyo haraka, lakini hamu ya kushika mamlaka ya mkuu huyo haijaisha hadi leo.

Mkuu huyo ndiye ruuti. Android imejengwa juu ya Linux, na katika Linux kila mtumiaji ana namba. Programu unayopakua hupewa namba yake, kuanzia 10000 kwenda juu, na haiwezi kufungua mafaili ya ndani ya programu yenye namba nyingine. Ruuti ni namba 0, na hakuna faili linalofichwa kwake. Wewe uliyenunua simu kwa pesa yako hupewi namba hiyo, na kuruuti ni kuichukua.

Hamu hiyo naielewa vizuri. Unanunua simu ya bei nafuu, unaiwasha, unakuta imejaa programu usizoziomba: zinakula nafasi, zinakula bando, na kitufe cha kuzifuta hakipo. Ukiwa na ruuti unazing'oa. Unaweza pia kuinyima intaneti programu moja moja, au kuhifadhi nakala ya kila kitu pamoja na data ya ndani ya programu. Ila hilo la kwanza, ambalo ndilo linalowasukuma wengi, siku hizi halihitaji ruuti. Unganisha simu na kompyuta kwa waya wa USB, washa chaguo za wasanidi programu, kisha tumia amri za adb, zana ya kuiamrisha simu kutoka kwenye kompyuta. Programu nyingi zitaondoka kwenye akaunti yako, na ukija kurudisha simu katika hali ya kiwandani zitarudi. Simu inabaki na ulinzi wake wote.

Gharama ya kuruuti huanzia kwenye butiloda, ile programu ndogo inayoamka kwanza simu inapowashwa na kuhakikisha kwamba mfumo ni ule uliotoka kiwandani. Kwa kawaida lazima uifungue, na kuifungua kunafuta picha, meseji na kila kitu. Imepangwa hivyo makusudi, ili mwizi asiweze kufungua simu yako kwa njia hiyo akasoma yaliyomo. Simu nyingi za Samsung zina kitu kama fyuzi ndani ya chipu. Ukiweka mfumo usio wao inaungua, na hakuna fundi wa kuirudisha. Folda Salama, ile ya Samsung ya kufungia mambo ya siri, haitafanya kazi tena, hata ukirejesha mfumo wa awali.

Kisha kuna benki. Programu nyingi za benki huuliza huduma ya Google inayokagua kama simu imechezewa, na jibu likiwa baya hazifunguki. Magisk, iliyotolewa na John Wu mwaka 2016, iliwapa watu njia ya kuficha ruuti, lakini huo ni mchezo wa kukimbizana: leo inakubali, kesho Google wakibadilisha ukaguzi unakwama dukani ukiwa na bidhaa mkononi. Huduma ya pesa ya kubonyeza nyota na namba itaendelea, kwa kuwa inapita kwenye laini.

Linalonitisha zaidi ni wezi. Mwaka 2017 kiligunduliwa kirusi kilichoitwa ZNIU, kilichotumia udhaifu wa Linux kuruuti simu za watu bila wao kujua. Wahalifu wanahangaika kiasi hicho kuipata namba 0, halafu sisi tunaifungulia mlango wenyewe. Programu mbaya ukiibonyezea "ruhusu" mara moja tu kwa pupa inaweza kusoma meseji za uthibitisho na mafaili ya programu ya benki. Zile programu za kuruuti kwa kugusa mara moja ndizo nazikataa kabisa, kwa sababu hujui aliyezitengeneza amejiachia nini humo ndani. Na fundi akikuambia atakuruutia simu, muulize anaweka nini. Asipoweza kukueleza, chukua simu yako.

Kwa hiyo simu yenye benki na laini ya pesa iache ilivyo. Ile ya zamani ambayo kampuni imeacha kuiletea masasisho ndiyo ya kufungua. Humo unaweza kuweka LineageOS, mfumo huru ulioanza Desemba 2016 baada ya CyanogenMod kufungwa, na ukaipata Android mpya zaidi bila hata kuhitaji ruuti. Angalia kwanza kama simu yako imo kwenye orodha yao. Nyingi za bei nafuu hazimo, na Huawei waliacha kutoa namba za kufungulia butiloda mwaka 2018. Hamisha picha, chaji betri ijae, kisha soma namba ya modeli kwenye Mipangilio, sehemu ya Kuhusu simu. Ikitofautiana hata kwa herufi moja na ile ya faili ulilopakua, usiendelee.