Land Rover kuukuu: Kagua chasisi kabla ya rangi

TAMASHA la Land Rover lililofanyika Arusha Oktoba 2024 liliwakutanisha wamiliki wengi wa magari hayo, mapya na makuukuu. Mkulima anayetamani kununua la zamani asidanganywe na rangi.

Bodi ya gari hilo, lililoanza kuundwa Uingereza mwaka 1948, ni ya aluminiamu. Chasisi ni ya chuma, nayo huliwa na kutu kwa ndani. Igonge kwa nyundo. Ikibonyea, gharama ya kuchomelea inaweza kuzidi bei ya gari.

Wengine hutoa injini ya petroli na kufunga ya dizeli ili kupunguza gharama za mafuta. Hakikisha namba ya injini inalingana na kadi ya gari, la sivyo siku ya kuuza utakosa mteja.