Tiara: Mchezo wa Upepo wa Kusi

Bila shaka umewahi kuona tiara ikiruka. Tiara ni karatasi iliyobandikwa juu ya vijiti vyembamba. Watoto huirusha kwa uzi, nayo hupanda juu sana. Watu wa pwani huiita pia kishada. Neno tiara limetoka katika Kiarabu, na maana yake ni kitu kinachoruka.

Katika vijiji vya Nachingwea na Ruangwa, mvua huisha kwenye mwezi wa tano. Baada ya hapo upepo wa kusi huvuma hadi karibu mwezi wa tisa. Upepo huu hutoka upande wa kusini-mashariki. Mwezi wa sita shule hufungwa kwa likizo. Mahindi yamekwisha kuvunwa na mashamba mengi yako wazi. Huo ndio wakati mzuri wa tiara.

Watu wazima wengine husema, "Huo ni mchezo wa watoto, hautuhusu." Hawasemi kweli. Tiara hufurahisha kijiji kizima. Lakini tiara inaweza pia kumwua mtoto. Kwa hiyo inafaa wazazi waujue mchezo huu vizuri.

KWA NINI TIARA HURUKA

Chukua ungo. Simama mahali penye upepo mkali, ukielekea unakotoka upepo. Shika ungo mbele yako. Inamisha ukingo wake wa juu kidogo, kuelekea upepo. Utasikia upepo ukiusukuma ungo nyuma na juu.

Tiara nayo ni hivyo hivyo. Upepo hupiga uso wake ulioinama, kisha hugeuka kwenda chini. Kwa sababu hiyo tiara husukumwa kwenda juu. Uzi huizuia isichukuliwe na upepo. Mkia huifanya itulie. Uzi ukikatika, tiara huyumba, kisha huanguka mbali.

NAMNA YA KUTENGENEZA TIARA

1. Tafuta vijiti viwili vyepesi vya mianzi au matete makavu. Kimoja kiwe na urefu wa sentimeta 60, na kingine sentimeta 50.

2. Pima sentimeta 15 kutoka ncha ya juu ya kijiti kirefu. Hapo weka kijiti kifupi, vifanye msalaba. Vifunge imara.

3. Pitisha uzi katika ncha zote nne, uzunguke vijiti. Uvute ukaze.

4. Laza vijiti juu ya gazeti kuukuu. Kata gazeti, lakini liuzidi uzi kwa sentimeta 2 kila upande. Kunja ukingo huo juu ya uzi. Bandika kwa uji mzito wa unga wa muhogo. Acha ukauke.

5. Kata uzi wa sentimeta 80. Funga ncha moja juu ya kijiti kirefu, na ncha nyingine chini yake. Uzi huu ukae upande wa karatasi. Kisha funga uzi wa kurushia juu ya uzi huu, juu kidogo ya pale vijiti vinapokutana.

6. Funga vipande vya kitambaa chakavu vipate urefu wa meta 3. Huo ndio mkia.

Tiara ikizungukazunguka hovyo, ongeza mkia. Ikikataa kupanda, sogeza fundo la uzi wa kurushia juu kidogo.

Usimwache mtoto achane daftari lake la shule. Zamani watoto wengi walitumia mifuko ya plastiki. Mifuko hiyo ya kubebea ilipigwa marufuku Tanzania tangu tarehe 1 Juni 2019. Gazeti kuukuu linatosha.

MASHINDANO YA NCHI NYINGINE

Watu wa China walianza kurusha tiara zaidi ya miaka 2,000 iliyopita. Katika mji wa Ahmedabad, nchini India, kuna sikukuu ya tiara kila tarehe 14 Januari. Siku hiyo watu hupanda juu ya mapaa ya nyumba. Kila mmoja hutaka kukata uzi wa mwenzake. Anayebaki hewani ndiye mshindi.

Ili uzi uwe mkali, watu hupaka gundi iliyochanganywa na unga wa vioo. Uzi huo hukata vidole. Hukata mabawa ya ndege. Ukining'inia barabarani, hukata shingo za watu wanaopita kwa pikipiki. Wengi wamekufa hivyo. Nchini Pakistani, mwaka 2005 mahakama ilipiga marufuku kurusha tiara kwa sababu ya vifo. Mwaka 2017 mahakama ya mazingira ya India ilipiga marufuku uzi wa nailoni wa kushindania.

Ndugu msomaji, vijijini kwetu pia bodaboda ni nyingi. Ukimwona mtoto anaponda chupa ili apake uzi wake, mzuie. Mweleze sababu. Mpe uzi wa pamba wa kawaida.

HATARI YA WAYA WA UMEME

Siku hizi umeme umefika katika vijiji vingi. Waya kubwa zinazopita kando ya barabara zinaweza kuwa na umeme wa volti 33,000. Umeme huo huua mara moja.

Uzi wa tiara ukigusa waya, umeme unaweza kupita katika uzi na kumfikia mtoto. Uzi uliolowa ni hatari sana. Uzi wenye madini ni hatari zaidi. Lakini usidhani kwamba uzi mkavu ni salama.

Wafundishe watoto mambo haya:

Rusha tiara mbali na waya za umeme. Ukiwa na uzi wa meta 50, simama zaidi ya meta 100 kutoka kwenye waya.

Usitumie waya badala ya uzi.

Usirushe tiara wakati wa mvua au radi.

Tiara ikinasa kwenye waya, achia uzi na uondoke. Usipande nguzo. Usiitungue kwa mti wala kwa mawe. Mjulishe mtu mzima, naye awajulishe TANESCO.

Usirushe tiara barabarani, wala karibu na kiwanja cha ndege. Mtoto anayetazama juu haoni gari wala kisima.

Kuna jambo jingine. Wakati wa kusi, mikorosho huanza kutoa maua. Tiara ikinasa juu ya mkorosho, watoto hupanda na kuvunja matawi. Mtoto anaweza kuanguka, na mwenye shamba hupoteza korosho zake. Kwa hiyo chagueni uwanja usio na miti.

MASHINDANO YA KIJIJI CHENU

Mnaweza kufanya mashindano bila gharama kubwa na bila kukatana nyuzi. Chagueni siku moja ya likizo. Tafuteni uwanja mpana. Washindani wasimame mbalimbali, upepo ukiwapiga mgongoni. Tiara zitakwenda mbele yao, kwa hiyo hakikisheni upande huo hauna waya.

Shindano la kwanza ni la kwenda juu. Kila mmoja apewe uzi wa meta 50. Wote wakiumaliza, waamuzi watazame nyuzi kutoka kando. Uzi uliosimama wima kuliko nyingine ndio wenye tiara iliyo juu zaidi.

Shindano la pili ni la kukaa hewani. Mwamuzi ashike saa. Tiara itakayokaa dakika nyingi zaidi ndiyo itakayoshinda.

Shindano la tatu ni la uzuri. Tiara iwe imetengenezwa na mshindani mwenyewe.

Hapa ndipo wewe uliyejifunza kusoma na kuandika unapohitajika. Chukua daftari na kalamu. Andika jina la kila mshindani, kisha andika dakika zake mbele ya jina. Mwisho wa mchezo soma majina mbele ya watu wote. Hapo hapatakuwa na ugomvi, kwa maana kila kitu kimeandikwa.

Mtoto aliyezuiwa tu, bila kuonyeshwa mahali pazuri, atakwenda kucheza kwa siri chini ya waya. Mtengeneze naye tiara, kisha nenda naye uwanjani. Tahadhari kabla ya hatari.

MASWALI

1. Upepo wa kusi hutoka upande gani?
2. Mkia wa tiara una kazi gani?
3. Kwa nini uzi uliopakwa vioo haufai?
4. Tiara ikinasa kwenye waya wa umeme, mtoto afanye nini?
5. Tiara moja ilikaa hewani dakika 12. Nyingine ilikaa dakika 19. Ya pili iliizidi ya kwanza kwa dakika ngapi?
6. Taja uwanja mmoja katika kijiji chenu unaofaa kwa tiara. Eleza kwa nini unafaa.